Nyasi za Kumpokea Mama Maria

Mimi elimu yangu niliipata jioni. Wakati watu wa rika langu wanakoka moto na kusubiri ndizi ziive, mimi nilikuwa nimebanwa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yamegusa masikio, nikimfuatisha mwalimu a, e, i, o, u kwa sauti ya kuhamisha popo darini. Ngumbaru, ndivyo tulivyoiita. Madawati yalikuwa ya watoto na sisi tulikuwa baba za watu. Mzee mmoja alikwama humo mpaka ikabidi mbao zifumuliwe ndipo aende nyumbani kula. Nilimaliza, nikapewa cheti, nikakitundika ukutani juu ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mke wangu akakishusha, akakitundika chini yake. Tangu siku hiyo nikawa msomi.

Usomi ulinipatia kazi upesi. Shule yetu ilijengwa na mapadre, Serikali ikaichukua, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa kilima chetu, upande wa Mabira, atakuambia ni shule ya misheni. Kanisa la kigango na madarasa vilitumia uwanja mmoja, kengele moja ya rimu ya gari, na mapaa yaliyovuja kwa mtindo mmoja. Kabla yangu, aliyeongoza rozari kwenye jumuiya yetu alikuwa mzee aliyeijua yote kwa kichwa, ila kichwa chenyewe kilikuwa kimechoka. Alikuwa anatuzalia Yesu Bethlehemu, kabla hatujafika fungu la nne amekwisha kumsulubisha, kisha anamrudisha hekaluni akapotee. Mimi nilisoma kitabuni, kwa kidole, kila neno mahali pake. Wakanichagua mwenyekiti.

Ninayoyasimulia ni ya katikati ya miaka ya themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, lakini sabuni ilikuwa bado haijapata habari hiyo, na sukari tuliiona kwa nadra kama tunavyomwona askofu.

Oktoba, kama kila Mkatoliki ajuavyo, ni mwezi wa rozari. Shule ilikuwa na sanamu ya Mama Maria, ya plasta, urefu wa mkono wa mtu mzima, iliyoletwa na mapadre wa zamani kutoka kwao. Pua yake ilikuwa imekatika. Mwalimu mkuu aliitengeneza upya kwa unga wa chaki na gundi, ikatoka pana kidogo, na sisi tukaona sasa amefanana na watu. Mwezi huo wote sanamu haikulala shuleni. Ilitembea. Kila jioni wanafunzi waliichukua nyumba moja wakaipeleka nyingine kwa ngoma na nyimbo, nyumba za wazazi wenye watoto shuleni, na kila nyumba ilikuwa na haki ya usiku mmoja tu. Mwisho wa mwezi ilirudi shuleni, Padre akaja na pikipiki yake kutoka parokiani, tukafunga kwa misa.

Kumpokea Mama Maria halikuwa jambo la mzaha. Nyumba ilifagiliwa mpaka udongo ukaomba msamaha. Kahawa za kutafuna ziliwekwa kwenye kikapu kidogo, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaandaliwa kwa wakubwa na juisi ya ndizi kwa watoto. Na sakafuni zilitandazwa nyasi mbichi, zile laini za bondeni, kama anavyotandaziwa mgeni mkubwa kwetu tangu enzi za watawala wa zamani. Ungeweza kukosa rubisi ukasamehewa. Lakini aliyempokea Mama Maria kwenye sakafu tupu angesemwa mpaka Pasaka.

Aliyeanzisha nyimbo alikuwa binti yangu wa ubatizo, mtoto wa darasa la tano. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wakiwa vijana. Baba alikuwa amefariki, mama akabaki anachuma kahawa na kupalilia mashamba ya watu, wakiishi wawili kwenye kijumba cha udongo pembeni mwa kibanja, shamba la migomba na kahawa, la tajiri wetu. Siku ya kumbatiza yule mtoto hawakuwa na ndugu wa kumsimamia. Mimi nilikuwa nimeingia kanisani kukimbia jua. Katekista akaninyooshea kidole: wewe, simama. Nikasimama. Nikaulizwa kama namkataa shetani, nikamkataa kwa sauti iliyowarusha njiwa wote waliokuwa juu ya paa. Nikaulizwa kama nitamwangalia mtoto huyu. Nikasema nitamwangalia.

Sauti yake, sijui niieleze vipi. Akianzisha wimbo kwetu, ng'ombe wa kule Kaisho waliacha kucheua wakageuza masikio. Ninaongeza chumvi, najua, lakini si nyingi. Ngoma ya shule ilipigwa na mvulana mmoja wa darasa la saba mwenye mikono kama mapanga, na hata yeye alikuwa anamsubiri. Ngoma ndiyo iliyomfuata yule mtoto. Yeye hakuwahi kuifuata ngoma.

Mwaka huo zamu ya nyumba ya mjane iliangukia siku ya mvua. Mtoto mwenyewe alishuka bondeni asubuhi kukata nyasi, akarudi ameloa, mzigo kichwani, maji yanamtiririka mpaka visiginoni. Jioni tulipotoka na sanamu alianzisha wimbo juu mno, akakwama, akaanza tena chini.

"Leo redio imeishiwa betri!" mwenzake mmoja akapiga kelele.

Watoto wakacheka. Yeye naye akacheka, akajishika kichwa. Tuliingia, tukasali, tukatafuna kahawa, nikasoma mafungu yangu yote bila kosa, nikarudi kwangu nimeridhika kama mtu aliyehubiri mbele ya Baba Mtakatifu.

Asubuhi mama yake alikuwa mlangoni kwangu.

"Mzazi mwenzangu," alisema, hata shikamoo ya watoto wangu hakuipokea, "mtoto hageuzi shingo."

Daktari wa zahanati alikuja akamwinua kichwa taratibu, na mwili mzima ukainuka nacho, mkavu kama ubao. Akamlaza. Akatuita nje.

"Hii ni homa ya uti wa mgongo. Dawa yake sina. Nina klorokwini, nina aspirini na nina huruma. Mpelekeni hospitali leo hii."

Kwetu kila kilima kina engozi yake, machela ya fito na kamba, na mgonjwa akitangazwa wanaume wanatoka. Mwanaume asiyetoka kubeba, siku yake ikifika atajibeba mwenyewe. Tulitoka wengi kuliko mikono ya machela. Tukashuka naye kwa mbio, tunapokezana bila kusimama, mama yake nyuma amekunja khanga mpaka magotini. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde, na bondeni tukasimama. Mto ambao siku nyingine mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo ulikuwa umekula daraja la magogo, umepanda mpaka kwenye matete, na ndani yake ilikuwa inapita migomba mizima, imesimama wima kama abiria. Mwenzetu mmoja aliingia kujaribu. Tulimtoa kwa kamba.

Hakuna aliyesema turudi. Tulisimama tu kwenye mvua na mtoto begani, tunayatazama yale maji kama watu wanaosubiri zamu. Kisha aliyekuwa mbele akageuka, na machela ikageuka naye.

Jioni watoto walikuja na ngoma, mimi nyuma yao, kama ilivyopangwa, kumhamishia Mama Maria nyumba iliyofuata. Mjane akatoka, akasimama mlangoni, mikono ameiweka huku na huku kwenye miimo.

"Hatoki," alisema.

"Nani, mama?" akauliza mvulana wa ngoma.

"Mgeni wangu. Hatoki mpaka mwanangu ainuke."

Watoto wakanitazama mimi. Mimi nikaitazama ngoma. Yule mvulana, kwa kukosa la kufanya, akaipiga mara moja, du, ikalia peke yake mvuani, na watoto wakageuka wakarudi kimyakimya kama waliotoka kuzika.

Sasa nyumba iliyofuata ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya tajiri mwenye kibanja, yule ambaye mjane alimchumia kahawa na kuishi pembeni mwa ardhi yake. Mke wake, mama mwenye kahawa tulivyomwita, alikuwa mwanamke wa sauti. Akimwita kuku wake, kuku wa vilima vitatu walikuja. Nyumba yake ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji, na juu ya saruji hiyo alikuwa ametandaza nyasi za kulalia kikosi kizima cha jeshi. Alingoja jioni ile, mgeni hakuja. Akangoja ya pili. Jioni ya tatu akapanda shuleni, akatukuta kwenye darasa lile lile la tatu nililosomea: mwalimu mkuu, katekista na mimi.

"Nyasi za kwanza zimenyauka," alisema kabla hajaketi. "Za pili mbuzi wamezila. Sasa vibarua wangu wote wako bondeni wanakata za tatu. Tukiendelea hivi ng'ombe wa hapa watahamia Kituntu."

"Waitu, mama yetu, mtoto anaumwa," katekista akasema kwa upole.

"Nani amesema haumwi? Na mimi mguu unaniuma tangu vita. Nimfunge Mama Maria kwenye mguu?"

Mwalimu mkuu, mtu mwembamba sana ambaye siku za upepo tulimwonea wasiwasi, akakohoa. "Kusema kweli sanamu ni mali ya shule. Kama majembe. Kama ile globu."

"Globu mtu hawezi kuiomba kitu," akajibu mama mwenye kahawa.

"Wewe unataka kumwomba nini?" nikamuuliza, maana alikuwa na kila kitu, bati, saruji, ng'ombe.

Akanitazama mpaka nikajuta kusoma. "Hilo ni langu na yeye."

Kisha wote watatu wakanigeukia kwa pamoja, na mimi nikajua.

"Aende mwenyekiti," akasema katekista. "Ni baba yake wa ubatizo. Na tena amesoma."

"Kusoma kwenyewe nilisoma jioni tu."

"Basi nenda sasa hivi, ndiyo jioni," akasema mama mwenye kahawa.

Nikaenda na kitabu cha sala kwapani. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilipanga kumwambia kwamba Mama Maria hafungwi na kuta, kwamba neema yake inavuka mabonde, maneno mazuri kabisa, mengine sikuyaelewa hata mimi. Nikafika, nikabisha hodi, nikainama kuingia.

Mtoto alikuwa kitandani, macho nusu wazi, hatazami kitu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kati yao, juu ya sanduku, alisimama Mama Maria na pua yake ya chaki, na kiunoni alikuwa amefungwa kipande cha kitenge, na ncha ya pili ya kitenge ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda. Nyasi sakafuni zilikuwa zimegeuka rangi ya chai na kutoa joto na harufu ya zizi.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Kumchukua nani?"

Hotuba yangu yote ikanitoka miguuni. Nilimtazama mtoto, nikaitazama sanamu, nikakitazama kile kitenge.

"Nimetumwa nije," nilisema.

"Basi umefika. Kaa."

Nikakaa. Nikafungua kitabu, maana mtu aliyesoma asipojua la kufanya hufungua kitabu. Palikuwa na sala ya kuomba mvua. Hiyo tuliipita haraka. Palikuwa na sala ya wasafiri, ya wachumba, ya kubariki mbegu. Kidole changu kikateremka, kikakutana na sala ya kuombea kifo chema. Nikaufunika ukurasa wote kwa kiganja, nikafunua mwingine. Mama hakujua kusoma, lakini mkono wangu aliuona.

"Hiyo uliyoiruka inasemaje?"

"Ni ya mapadre," nilisema. "Sisi hatuisomi."

Akaitikia kwa kichwa. Tukasali rozari. Tulipomaliza tukaianza tena, kwa sababu kuimaliza kulikuwa na maana ya kuinuka, na kuinuka kulikuwa na maana ya kusema nililotumwa.

Nilipochelewa wakamtuma katekista. Katekista akaingia na uso wa sheria, akamwona mtoto, akavua kofia, akakaa kando yangu akaitikia Salamu Maria katikati ya sentensi. Wakamsubiri, hakurudi. Kesho yake mchana akaja mwalimu mkuu mwenyewe na watoto wa ngoma kwa ajili ya kubeba. Watoto hawakutosha ndani, wakakaa nje chini ya migomba na ngoma imefunikwa majani isiloe. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akasema, "Darasani ni ukimya tupu tangu alale," akakaa. Kijumba kile kilikuwa kidogo kiasi kwamba mbu akiingia mwingine hutoka, lakini siku ile kilitubeba wote. Tulijaa humo watu wazima, wenye vyeo vyetu, msomaji, mfundishaji na mkuu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumnywesha yule mtoto kijiko cha uji kikashuka.

Saa za alasiri tukasikia sauti uani.

"Nani amemkalia mgeni wangu?"

Mama mwenye kahawa alikuja na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, mkubwa mpaka ulisugua mlango pande zote mbili. Mjane akainuka, akasimama mbele ya sanduku. Alikuwa mfupi, mifupa mitupu, kibarua wa yule yule aliyesimama mbele yake, na wote tulijua kijumba kiko kwenye ardhi ya nani. Hakuna aliyeinuka kusimama kati yao.

Mama mwenye kahawa alimtazama mtoto. Kisha akatazama chini.

"Umemweka Mama kwenye majani makavu namna hii?"

"Alizikata mwanangu," mjane akajibu. "Sizifagii."

Mvua ikasikika juu ya majani ya migomba. Mama mwenye kahawa akatua mzigo, akakata kamba yake, akapiga magoti pamoja na ule mguu wake wa tangu vita, akaanza kutandaza. Hakuziondoa zile za zamani. Alizilaza mpya juu yake, akitusukuma miguu kama vifaranga, inua, inua na wewe msomi, mpaka sakafu yote ikawa kijani. Akafika kwenye kitanda, akatandaza mpaka chini ya uvungu. Halafu akakaa hapo hapo chini, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mwenyekiti, mmefika fungu gani?"

"La nne, mama."

"Anza la kwanza. Mimi sikuwepo."

Baada ya hapo mvua ikapungua. Sisemi kwa sababu gani. Asubuhi maji ya bonde yalikuwa yameshuka mpaka kifuani, na sisi tukasema kifua kinatosha. Mama mwenye kahawa alileta blanketi kutoka kitandani kwake, la kigeni, lenye ua. Tulipomlaza mtoto kwenye engozi, mama yake akafungua kitenge kwenye mguu wa kitanda, akakifunga kwenye ufito wa machela. Basi tukawabeba wote wawili, mtoto na Mama Maria, chini ya blanketi moja. Mtoni tuliinua machela juu ya vichwa. Mimi nilikuwa mbele kulia, maji yananipiga kidevuni, na sanamu ile ya plasta ilikuwa nzito kama kanisa zima pamoja na mnara wake. Tulivuka.

Hospitalini muuguzi akafunua blanketi.

"Wagonjwa wawili?"

"Mmoja ni msindikizaji," nikamwambia.

Walimchoma sindano, wakamtundikia maji, wakatufukuza wanaume kwa sababu ya harufu. Mwisho wa mwezi Padre akaja kufunga rozari, akakuta meza ya sanamu tupu, akasomea misa meza tupu. Haukupita muda mrefu habari ikafika kilimani: ameamka! Ameomba ndizi!

Mama mwenye kahawa alipiga vigelegele vikavuka mpaka wa nchi. Ngoma ya shule ililia siku nzima, hakuna aliyesoma. Tukasema ni muujiza, na mimi nilikuwa wa kwanza kuusema na wa mwisho kunyamaza. Kila nilipousimulia, maji ya bonde yalipanda. Siku ya kwanza yalikuwa kidevuni, ya pili yametufunika, ya tatu tulikuwa tunatembea chini yake na samaki wanatusalimia. Watu wa vigango vingine wakaanza kuuliza kama Mama wa pua pana anaweza kufika kwao. Tulikuwa na furaha ambayo sijaiona tena pale.

Mtoto alirudi kwa miguu yake, na mama yake, na sanamu mgongoni mwa mama ikiwa imebebwa kwa kitenge kile kile kama kichanga. Watoto wenzake walimwona kutoka uwanjani wakakimbia, wakamwita. Hakugeuka. Wakamwita tena, kwa kelele za shule nzima. Alikuwa anatembea tu, anaangalia mbele.

"Amerudi na maringo ya hospitali," mmoja akasema.

Mama yake ndiye aliyegeuka. "Hasikii," alisema. "Homa imechukua masikio. Daktari anasema hayarudi."

Sikumbuki niliondokaje uwanjani.

Wiki ile nilikwenda kwao, na safari hii sikutumwa. Mtoto alikuwa nje anamenya ndizi, mzima, mashavu yamerudi, akanitabasamia na kuniamkia shikamoo kwa sauti kubwa mno, kama anamwita mtu wa ng'ambo. Mama akanipa kigoda. Tukakaa. Akasema:

"Mzazi mwenzangu, wewe ndiye uliyekuwa unasoma. Tuliomba nini hasa?"

"Tuliomba aamke."

"Hivyo tu?"

Nilifikiri. Nilikipekua kitabu kichwani ukurasa kwa ukurasa, hata ule niliouficha kwa kiganja. "Hivyo tu," nilisema.

"Basi aliamka," akasema, akachukua kisu, akaanza kumenya na yeye.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehakikisha tu alichoagiza sokoni.

Oktoba ikarudi. Mwalimu mkuu alimchagua msichana mwingine aanzishe nyimbo, mtoto mzuri, sauti ya kutosha, na akampanga mstari wa mbele. Binti yangu wa ubatizo naye akaja na wenzake. Nani angemwambia asije? Nyumba ya kwanza mwaka ule ilikuwa ya mama mwenye kahawa, tulikuwa tunamlipa ile zamu yake. Wabebaji wakainua sanamu. Mvulana wa ngoma, aliyekuwa amemaliza shule lakini hakumwachia mtu ngoma yake, akainua mkono. Msichana mpya akavuta pumzi.

Na yule mtoto akaanza. Aliiona sanamu inainuka, na kwake sanamu ikiinuka wimbo huanza.

Sauti ilikuwa ile ile kwa ukubwa, lakini wimbo ulikuwa umepotea njia. Ulipanda pale unaposhuka, ukavuta pale unapokata, ukaingia mahali ambapo hakuna wimbo uliowahi kufika. Mvulana wa ngoma alipiga mara mbili akapotea, akamtafuta, akapotea tena. Watoto wadogo wakaanza kuguna. Mwalimu mkuu akainua mkono kuwanyamazisha, mkono ukabaki hewani hajui aufanye nini. Mtoto alikuwa mbele yetu, mgongo umetugeukia, anatembea na kuimba kwa furaha ya mtu aliyerudi kazini kwake. Nikamtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa anatazama chini, anatembea.

"Mfuateni," akasema mama mwenye kahawa kwa sauti ndogo, na sikuwa najua kuwa anayo ndogo.

Tukamfuata. Akipanda tulipanda, akivunja tulivunja, kilima kizima, wazee, wanafunzi, katekista na sauti yake ya seminari, wote tumepotea pamoja naye kwenye wimbo tulioujua tangu tumboni. Tukafika. Nyasi zilikuwa zimetandazwa kuanzia uani, mbichi, za asubuhi ile. Sanamu ikaingizwa, ikawekwa. Ngoma ikanyamaza, na sisi tukanyamaza, kama kawaida mgeni akishaketi.

Yeye aliendelea. Alikuwa amefumba macho. Wimbo ule una beti nyingi na alizikumbuka zote, na sisi tulisimama tumemzunguka kwenye zile nyasi, watu wazima wengi namna ile, kila mmoja anamtazama mwenzake, na hakuna aliyejua amguse wapi ili ajue tumefika.